Ziwa Likichafuka Siku ya Mashindano: Mwongozo wa Kushindania Wolai Ziwa Erie

Kila mwaka barafu ikiyeyuka na matangazo ya mashindano yakianza kutoka, napokea maswali yale yale kutoka kwa wenzetu wa Ohio na Michigan. Sina boti, naweza kushiriki? Upepo ukivuma wanaahirisha? Nikianza kutapika nitafanyaje? Nimeona afadhali niyajibu yote mahali pamoja.

Mwongozo huu ni wako wewe unayejua tayari kuvua wolai siku ya shwari, lakini hujawahi kushindana, au ulishindana siku ziwa limelala. Wolai, ambaye kwenye fomu za usajili huandikwa walleye, ni samaki wa maji yasiyo na chumvi mwenye macho yanayoona vizuri penye mwanga hafifu. Ndiyo maana upepo wa kiasi humpendeza mvuvi: mawimbi huvunja jua, maji hutibuka kidogo, na samaki hula mchana kweupe. Kwa hiyo usiuone upepo kama adui wa samaki. Unachokunyima upepo ni muda na uwezo wa kukitawala chombo, na hapo ndipo wageni wengi hupoteza mashindano.

Mifano yangu ni ya Ziwa Erie, bonde la magharibi, kuanzia Toledo hadi Port Clinton na visiwa vyake. Ukivua kwingine Marekani, kama Saginaw Bay, Green Bay au Mille Lacs, badilisha majina ya mahali tu.

Neno moja kwa aliyekulia Kigoma au Kalemie: usilidharau Erie kwa kuwa umeshaona Tanganyika. Tanganyika ina kina cha zaidi ya mita 1,400. Bonde la magharibi la Erie lina wastani wa mita 7 hivi. Upepo ukilipiga ziwa lenye kina kifupi namna hiyo, mawimbi huwa mafupi, yamesimama wima na yanafuatana upesi. Wimbi la futi 4 linalokuja kila baada ya sekunde tatu nne linachosha boti na mgongo kuliko wimbi refu la futi 6.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Leseni ya uvuvi ya jimbo husika. Ukivuka mpaka kuingia maji ya Kanada unahitaji leseni ya Ontario na unabanwa na sheria za mpaka. Mashindano mengine hukataza kabisa kuvuka.
- Ukitaka kuendesha boti yenye injini ya nguvu zaidi ya farasi 10 katika Ohio na ulizaliwa tarehe 1 Januari 1982 au baadaye, cheti cha mafunzo ya uendeshaji boti.
- Jaketi okozi linalokuenea, lililobanwa. Lile kubwa la machungwa lililowekwa chini ya kiti halihesabiki.
- Nguo za mvua za juu na chini, na ndani yake sufu au kitambaa cha kukauka upesi. Pamba ikilowa inanyonya joto la mwili. Jinzi iache nyumbani.
- Redio ya VHF ya baharini. Simu inakufa kwa maji na kwa kukosa mtandao.
- Fataki za kuomba msaada ambazo muda wake haujaisha. Kwenye Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini (Erie ni mojawapo) ni lazima kwa boti za futi 16 na zaidi.
- Pampu ya kufua maji (kuyatoa botini) iliyojaribiwa, na ndoo. Ndoo haina fyuzi ya kuungua.
- Mifuko miwili ya turubai ya kuburuza majini ili kupunguza mwendo wa boti.
- Wavu wa mkono wenye mpini mrefu, koleo la kutolea ndoana, kamba za akiba, tochi ya kichwani.
- Dawa ya kichefuchefu. Meklizini inauzwa bila cheti cha daktari, ila huleta usingizi. Muulize mfamasia na uijaribu siku nyingine kwanza.

Hatua

1. Soma kanuni kabla ya kulipa. Usisome zawadi, soma kanuni. Tafuta mambo haya: wanapima samaki wangapi (mara nyingi ni 5 bora), samaki mfu anahesabiwa au anakatwa uzito, ukichelewa unakatwa kiasi gani kwa dakika, mipaka ya maji, na nani ana mamlaka ya kuahirisha. Kumbuka kwamba sheria ya jimbo iko juu ya kanuni za mashindano. Ohio, kwa mfano, hairuhusu kubaki na wolai wa Erie aliye chini ya inchi 15.

Angalia pia saa. Fomu ikiandika 3:00 PM ndiyo saa tisa alasiri yetu. Usicheke, dakika tano tu za kuchelewa zinaweza kumeza uzito wote wa siku.

Ukiona kipengele cha mashine ya kupima uongo, usishangae. Septemba 2022 huko Cleveland samaki walipasuliwa mbele ya umati wakakutwa na vizito vya madini ya risasi na minofu tumboni. Wahusika wawili walifungwa jela na boti ikataifishwa. Tangu hapo ukaguzi ni mkali. Usibebe minofu botini, usipokee samaki kutoka boti nyingine hata kwa utani.

2. Ingia kama mwenza kwanza. Hili ndilo jibu la swali la boti. Baadhi ya mashindano makubwa yana nafasi mbili: nahodha mwenye boti, na mwenza anayepangiwa nahodha kwa kura. Mwenza hulipa ada ndogo zaidi, na samaki wa boti huhesabiwa kwa wote wawili. Mengine ni ya timu za watu wawili, hapo utahitaji rafiki mwenye chombo. Ushauri wangu, na wengine hawaupendi: kama boti yako ina urefu chini ya futi 18 na kingo fupi, usiianzishe kwenye mashindano ya Erie. Panda ya mwenzio msimu mmoja, uone mikono ya mtu mzoefu inavyofanya kazi kwenye gia na usukani.

Mwenza ana kazi zake. Fika mapema, na mzigo uwe mfuko mmoja usioingiza maji. Mwulize nahodha jaketi, fataki na kizima moto viko wapi, na injini inazimwaje. Kisha mwulize yeye anataka umsaidie nini wimbi likiwa kubwa. Nahodha mzuri atafurahi kuulizwa.

3. Fuata upepo kuanzia siku tatu kabla. Programu za simu zenye picha ya jua na wingu ni za kupangia harusi. Wewe unataka utabiri wa ukanda wa pwani ya ziwa unaotolewa na Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani, unaotaja mwelekeo wa upepo, nguvu yake kwa noti, na kimo cha mawimbi kwa futi. Noti 1 ni karibu kilomita 1.85 kwa saa. Kwenye Maziwa Makuu tahadhari kwa vyombo vidogo hutolewa upepo ukitarajiwa kuwa noti 22 hadi 33, au mawimbi ya zaidi ya futi 4. Juu ya hapo ni onyo la upepo mkali, na hapo hakuna mjadala.

Angalia pia boya la hali ya hewa namba 45005, lililoko sehemu ya magharibi ya ziwa wakati wa msimu. Utabiri unasema kitakachokuwa. Boya linasema kilichopo.

Mwelekeo una uzito kuliko nguvu. Shika haya mawili:

*Upepo wa kusini-magharibi.* Unatoka nchi kavu ya Ohio kwenda ziwani. Bandarini maji ni kama kioo, na ukitoka nao unakusukuma mgongoni, kila kitu kinaonekana chepesi. Kadiri unavyokwenda mbali ndivyo mawimbi yanavyokua, na kurudi utakuwa unayapiga uso kwa uso. Huu ndio mtego wa Erie. Upepo huo huo ukivuma kwa nguvu muda mrefu husukuma maji ya ziwa zima kuelekea Buffalo, mwisho wa mashariki, na upande wa Toledo maji yanaweza kushuka zaidi ya mita 1. Njia uliyopita asubuhi inaweza kuwa haina kina mchana.

*Upepo wa kaskazini-mashariki.* Huu hukusanya mawimbi kwa urefu wa ziwa, ambalo lina kilomita kama 388, na kuyatupa pwani ya Ohio. Midomo ya bandari huwa ndiyo sehemu mbaya kuliko zote. Pia huchafua maji ya magharibi kwa tope, na samaki uliowaona wakati wa mazoezi wanaweza wasionekane tena mahali pale.

Jambo lingine dogo: mbele ya Camp Perry kuna uwanja wa kulenga shabaha wa kijeshi, na eneo la ziwa lililo mbele yake hufungwa wakifyatua. Ratiba hutangazwa. Miamba yenye samaki iko humo humo.

4. Andaa mpango wa pili, nao uwe mdogo. Siku za mazoezi kila mtu anatafuta samaki wakubwa mbali. Wewe tumia angalau nusu ya muda wa mazoezi kutafuta samaki wa wastani karibu, mahali palipokingwa. Kwa upepo wa kusini-magharibi tafuta ndani ya maili chache kutoka pwani. Kwa upepo wa kaskazini tafuta upande wa kusini wa visiwa vya Kelleys na South Bass. Andika alama za GPS, kina, rangi ya chambo, na mwendo uliofanya kazi.

Ziwa likichafuka, boti nyingi zilizozoea samaki wa mbali hurudi mikono mitupu au na samaki wawili. Aliyejaza samaki watano wa kawaida anajikuta juu ya orodha bila makelele. Mpango wa karibu unalipa siku hiyo kwa sababu unakupa saa sita za kuvua badala ya tatu.

5. Piga hesabu ya kurudi usiku, ukiwa umekaa mezani. Usiifanye asubuhi ukiwa na msisimko. Chukua mfano: sehemu yako iko maili 18. Siku ya shwari, kwa mwendo wa maili 35 kwa saa, ni nusu saa hivi. Mawimbi yakiwa ya futi 4 yakikukabili, mwendo salama unaweza kushuka hadi maili 10. Hiyo ni saa moja na dakika 48. Ongeza dakika 40 za akiba. Kama mwisho wa kuripoti ni saa tisa alasiri, mishipi inatoka majini kabla ya saa sita na nusu. Andika muda huo kwa kalamu ya wino kwenye kiganja au juu ya dashibodi, na mwenzio aujue.

Mafuta ni hivyo hivyo: theluthi moja ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi isiguswe.

Funga kila kitu kwa kamba au mikanda: betri, masanduku ya chambo, fimbo. Punguza fimbo. Ukizoea kutumia sita, beba nne.

6. Toka bila pupa. Boti huachiwa kwa namba, na wengine huondoka kana kwamba samaki wanagawiwa bure. Kutangulia si kufika.

Vaa jaketi, unganisha kamba ya kuzimia injini. Tangu 1 Aprili 2021 sheria ya Marekani inamtaka mwendeshaji wa boti iliyo chini ya futi 26 aitumie boti inapokwenda kasi. Mashindano mengi hukufungia nje ukikutwa huna.

Ukiyakabili mawimbi, shusha omo (sehemu ya mbele ya boti) kidogo ili ikate badala ya kupiga, na uyaingie kwa mshazari, si uso kwa uso. Mkono mmoja ubaki kwenye gia ya mafuta wakati wote: ongeza ukipanda, punguza kabla ya kilele. Mawimbi yakitoka nyuma, inua omo na ukae juu ya mgongo wa wimbi lililo mbele yako. Ukilipita kwa kasi omo itachimba wimbi linalofuata, na maji yatakujia hadi kiunoni. Kosa la kawaida ni kusimamisha boti ghafla huku wimbi likikufuata. Linamwagikia tezini, yaani nyuma ya boti, moja kwa moja.

Mwenza, kunja magoti kidogo na ushike mahali pawili.

7. Vua kwa kufuata mawimbi. Kutupa jigi (ndoana yenye kizito kichwani) penye miamba wakati wa mawimbi ya futi 4 ni kazi ya wachache. Mshipi unalegea, huhisi samaki. Kama lazima, panda uzito hadi robo tatu ya wakia au wakia 1. Kwa mgeni, njia bora ni kukokota chambo, na kukokota kwenyewe kuwe upande upepo unakokwenda.

- Shusha mifuko ya turubai, mmoja kila upande wa boti, kwa kamba fupi isiyoweza kufika kwenye rafadha. Inazuia boti isiteleze na kukimbia kila wimbi linaposukuma.
- Amini mwendo wa GPS, usiamini hisia. Nyungunyungu wenye shanga na bapa la kuzunguka: maili 1 hadi 1.5 kwa saa. Chambo bandia chenye umbo la samaki: 1.5 hadi 2.5.
- Vibao vinavyopeleka mishipi pembeni visogeze karibu na boti kuliko kawaida. Kibao kikiwa mbali wimbi hukirusha, na chambo chini kinarukaruka. Mtikisiko kidogo humvutia wolai. Ukizidi humfukuza au hung'oa ndoana.
- Kunja kona kwa upana. Kona kali kwenye mawimbi inasuka mishipi yote kuwa kiota, na hutaifumua huku unayumba.
- Ukifika mwisho wa mstari, toa mishipi yote, rudi kwa injini kubwa, anza upya juu. Inaonekana ni kupoteza muda. Kukokota dhidi ya upepo kunapoteza zaidi.

Tafuta mpaka wa maji ya tope na maji yaliyo safi kidogo. Wolai husimama ukingoni hapo. Ndani ya tope zito usikae.

8. Opoa samaki mkiwa mmepiga magoti. Mmoja anavuta, mmoja anashika wavu, na boti inaendelea kusonga mbele polepole. Mkiisimamisha, upepo utaigeuza ubavu na mawimbi yataingia. Mlete samaki kwenye pembe ya tezi, upande usiopigwa na upepo. Usimwinue kichwa juu ya maji kabla wavu haujawa tayari. Wimbi likishuka uzito wote unabaki kwenye ndoana, na ndoana inapasua mdomo. Wengi hupoteza samaki mkubwa wa siku kwa kuinamia ukingoni kumfuata. Mwache samaki aje kwenu.

9. Watunze walio hai. Tangi lijazwe hadi kifuniko kabla ya kuondoka kwa kasi. Tangi la nusu linageuka mashine ya kufulia, na samaki wanapigwa kutani mpaka wanakufa. Boti ikikimbia, pampu inayovuta maji ya nje huweza kuvuta hewa. Washa ile inayozungusha maji ya ndani. Majira ya joto tumbukiza chupa za maji yaliyogandishwa. Samaki waliotolewa kina cha zaidi ya futi 30 wanaweza kuelea tumbo juu. Kabla ya kuwabandika kizito chochote cha nje kwenye pezi, muulize mkurugenzi wa mashindano kama kinaruhusiwa.

10. Rudi muda ulioandikwa ukifika. Hata kama samaki wameanza kula. Njiani chungulia tangi kila baada ya dakika chache, na sikiliza chaneli 16 ya VHF, ile ya dharura. Mdomoni mwa bandari punguza mwendo, subiri wimbi kubwa lipite, ingia nyuma yake.

Mambo yakienda kombo

*Maji yanaingia kuliko pampu inavyotoa.* Geuza omo kwenye upepo, endelea kusonga polepole, mwenza afue kwa ndoo. Ita msaada kwa chaneli 16 mapema, ukitaja mahali ulipo kwa namba za GPS na idadi ya watu. Walinzi wa Pwani hawakasiriki ukiwaambia baadaye mmejiokoa.

*Injini kubwa imezima.* Washa ndogo. Ikikataa, tupa nanga kutoka omoni, kamwe si tezini, na utoe kamba ndefu, mara saba ya kina ukiweza. Kwenye bonde la magharibi nanga hufika chini karibu kila mahali. Hiyo ndiyo faida pekee ya ziwa lenye kina kifupi.

*Mtu ameanguka majini.* Mtu mmoja amkodolee macho na kumwonyesha kwa kidole muda wote. Bonyeza alama ya GPS. Mkaribie ukitoka upande upepo unakokwenda, uzime injini kabla hajafika karibu na rafadha. Kwenye maji ya baridi kumbuka 1-10-1: dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 ambazo mikono bado inatii, saa 1 kabla ya kupoteza fahamu. Ukianguka wewe, usianze kuogelea dakika ya kwanza, elea, pumua.

*Natapika.* Kaa katikati kuelekea tezini, angalia upeo wa macho, acha kuitazama skrini ya sona (kifaa cha kuonyesha samaki na kina). Kunywa maji kidogo kidogo, tafuna tangawizi. Usijifungie kwenye harufu ya mafuta. Na mwambie nahodha. Si aibu, wenyewe wanaujua ugonjwa huo.

*Samaki waliokuwepo jana hawapo.* Badilisha kina kwanza, mwendo pili, rangi mwisho. Wageni hufanya kinyume na kumaliza saa nzima wakifungua masanduku. Nusu saa bila mguso, nenda kwenye mpango mdogo wa hatua ya 4.

*Siku imefutwa au imefupishwa.* Kanuni ndizo zinazosema kama uzito wa siku moja unatosha au ada inarudishwa. Ndiyo maana ulizisoma kwenye hatua ya 1.

*Nahodha anataka kwenda mbali na mimi naona hatari.* Mwambie wazi mkiwa bado gatini, si maili kumi nje. Akishikilia, shuka, umjulishe mkurugenzi wa mashindano. Unaweza kupoteza ada. Mashindano ya mwezi ujao yatakuwa na kura nyingine na nahodha mwingine.